Tonge la Kufulia

Sabuni ilipoadimika Tabora, mke wangu alifulia kwa tonge. Wanaosema leo kwamba watumishi wa serikali tulivaa nguo chafu miaka ile hawasemi kweli, na sharti wasahihishwe. Tonge lilikuwa majivu ya maganda ya karanga, yaliyochekechwa mara mbili na kufungwa katika kitambaa cha marekani, ukubwa wa chungwa. Alifundishwa na mama yake huko Bukene. Lilitumbukizwa ndani ya beseni la plastiki hadi maji yateleze vidoleni, kisha likatolewa na kutundikwa kivulini, lingoje zamu nyingine. Majivu yakichoka, yalibadilishwa, kitambaa kilibaki.

Masharti yalikuwa mawili: lisikamuliwe, na lisiguse chuma. Kwa sababu hiyo lilikuwa na kigingi chake cha mti uani.

Wanawake walikuja kujifunza. Jirani yetu, mke wa mshona kofia, alimtania: "Shoga, tuazime mumeo siku ya Idi, atuangazie ua kwa weupe wa shati lake!"

"Mchukue," alijibu mke wangu, "ila umrudishe na majivu mapya."

Jumapili moja, yeye akiwa kanisani, nilikuta tonge bichi limeachwa ukingoni mwa beseni. Kigingi kilikuwa na kofia yangu. Nikalitundika kwenye msumari wa mlango wa jiko. Jioni nikalirudisha kigingini pake, nisilitazame.

Kesho yake alilitumia kusugulia kola ya shati langu jeupe, shati pekee lililofaa kikao cha kupokea wageni wa mkoa. Alikuja nalo mikononi, kola ikiwa na madoa ya rangi ya kutu.

"Baba, sijui nimekosea wapi."

Mimi nilijua. Nilisema, "Litavalika tu."

Kikaoni mkuu wangu aliniuliza mbele ya wote, "Ndugu, kola hiyo ni yako au ya fundi baiskeli?" Wakacheka. Wiki hiyo iliingia barua katika jalada langu: mavazi ya mtumishi huyu hayatunzwi nyumbani kwake. Mke wangu aliniomba nimsomee nakala niliyopewa. Nikamsomea yote, kwa sauti ya ofisini.

Alifungua tonge, akamwaga majivu nyuma ya choo. Mke wa mshona kofia alipokuja na kitambaa chake, mke wangu alimwambia, "Mimi sijui kufua." Aliwajibu hivyo wote waliomfuata, hata sabuni iliporudi madukani.

Mke wangu alifariki hospitali ya Kitete, wodini. Nilirudi nyumbani, nikakaa uani. Sikuhisi kitu. Kigingi kilikuwapo.

Nilipostaafu niliandika kuomba barua ile isahihishwe. Nilijibiwa kwamba majalada ya wastaafu hayafunguliwi tena. Si haki, nami nimelalamika mara tatu. Hata hivyo, miaka yote ile jalada lilipokuwa wazi, sikuandika neno. Wala yeye sikumwambia.

Basi iandikwe hapa. Shati lilifuliwa ipasavyo. Msumari ulikuwa upande wa kulia wa mlango wa jiko, na tonge nililitundika mimi.