Mianzi ya Ulsan niliyoiruka

Leo nimemliza mama wa watu kwa Kiingereza changu.

Mama Tumaini, jirani yangu hapa Mdandu, mwanae amefika Korea juzi kuchomelea meli. Mji unaitwa Ulsan. Asubuhi kwenye sala ya jumuiya akaniomba nisome kwenye simu mji wenyewe ukoje, niwatafsirie.

Nikasoma. Kiwanda cha meli, kiwanda cha magari, matangi ya mafuta, moshi. Kiingereza chote kimeuandika hivyo, utadhani hakuna mtu anayelala pale.

Mwishoni kulikuwa na mstari mmoja: kando ya mto kuna msitu wa mianzi, watu hupumzika humo.

Nikauruka. Mzee wa kanisa alikuwa mbele yangu, na huku kwetu ukitaja mianzi watu wanawaza ulanzi, pombe yake. Niliogopa watacheka.

Mama akalia. Tukaanza kumwombea kijana kama mfungwa.

Kabla ya amina, simu ya mama ikaita, video ya mwanae.

"Kamwene, mama." Nyuma yake mianzi mirefu, imejaa.

Mama akafuta machozi, akanigeukia. "Mwalimu, hii hawakuiandika?"

Nikasema hawakuiandika.

"Basi tuwaombee na hao. Wanaandika mji bila kufika."

Nikafumba macho na wenzangu. Amina nimeitikia.

Nyie mngefanyaje?