Sanduku la Yerusalemu

Ndugu zangu, nianze kujicheka mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni fundi cherehani hapa mtaani Kamwokya, mzaliwa wa Kisumu, na tangu utotoni nimetamani kukanyaga Yerusalemu. Marehemu mama yangu alitamani hivyo hivyo, akafariki hajavuka hata mpaka wa Busia.

Parokia yetu ilipotangaza hija, nikaandika jina langu kwenye daftari lililokuwa mlangoni mwa kanisa. Wiki mbili baadaye katekista wetu, Mganda, akanisimamisha sokoni.

"Nnyabo, mama, jina yako imekubaliwa. Inaenda Yerusalemu!"

Nililia palepale, mbele ya nyanya za watu. Sikuuliza nani amenilipia wala viza iko wapi. Nilichokitamani miaka yote hiyo niliogopa kukiulizia. Nikajishonea gauni jipya. Jirani yangu Mama Furaha, Mkongomani, akanipa chupa nimletee maji ya Yordani.

Asubuhi ya safari Mama Furaha alinibebea sanduku hadi kanisani. Nikajipanga na mahujaji kando ya basi. Padri akainua bahasha.

"Wapendwa mnaobaki, wote mlioandika majina kwenye daftari, tutawaombea kwenye Kaburi la Bwana."

Akaanza kuyasoma. La tatu lilikuwa langu.

Katekista akanitazama, kisha akalitazama sanduku. "Nnyabo, na wewe unaenda wapi?"

Mahujaji wote wakageuka. Nilishajua kosa langu, lakini mdomo ukanitangulia.

"Yerusalemu," nikasema.