Mwanamke Aliyeokota Majuala

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sitaki kukatizwa. Haya niliyaona mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja hata tone la kaluvu, pombe yetu ya asali. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa, nina kipaimara. Mambo ya aimu, zile roho za waliokufa ambazo babu zetu walikuwa wakizimwagia pombe, nilikuwa nikiyasikia na kuyapuuza. Sasa siyapuuzi tena.

Siku moja vijana pale sokoni Muthetheni walikuwa wanabishana: ni kitu gani binadamu angekosa kukibuni, dunia ingekuwa nzuri zaidi? Mmoja akasema bomu. Mwingine akasema simu, maana tangu mke wake anunue yake hawajaongea. Mwingine akasema spika za kanisa la jirani yake. Wakanigeukia mimi, mzee wa mbuzi. Nikawaambia, juala. Lile juala la plastiki, la kufungia nyanya na sukari. Wee! Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Mzee, juala na bomu wapi na wapi?" Basi nikawasimulia, na nilipomaliza hakuna aliyekuwa anacheka. Wacha nikusimulie na wewe.

Mwanangu Kioko alikuwa amempata msichana anayeitwa Mueni, kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Mwala kule kukavu. Msichana mpole, mchapakazi, aliyelelewa na babu na nyanya yake. Tuliambiwa mama yake alifariki zamani, nasi hatukuchimba zaidi. Sasa sikiza. Kwetu Ukambani msichana haolewi kwa pete peke yake. Kuna ntheo, mbuzi watatu wanaopelekwa kwao, mmoja anachinjwa siku hiyo hiyo na pande zote mbili zinakula. Nyama hiyo ikishamezwa, huyo ni mke wako. Isipomezwa, hata mkikaa pamoja mpaka mvi, yeye bado ni binti wa baba yake. Watoto atakaozaa ni wa baba yake. Na akifa, anarudishwa kuzikwa kwao, kama mtu ambaye hakuwahi kwenda popote.

Na Mueni alikuwa tayari anaishi na Kioko, na mimba yake ilikuwa imekomaa, anatembea ameshika kiuno. Babu yake akatuma ujumbe kwamba ntheo ije kabla ya mtoto. Akaongeza neno moja lililonikera: "Na mbuzi wafike wakiwa hai." Jameni! Mimi, ambaye nimeuza mbuzi tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, nani aliwahi kuniona nikipeleka mzoga kwa wakwe?

Nilichagua mwenyewe. Wa kuchinjwa alikuwa dume mwekundu, tumbo duara kama mtungi. Sokoni kila mtu alimpapasa na kumsifu. Jumamosi hiyo mke wangu, Kioko, Mueni, katekista na wazee wa jumuiya ya kanisa wakapanda gari la kukodi pamoja na soda, unga na sukari. Mimi nikakataa katakata kupakia mbuzi. Mbuzi wa ntheo hafungwi miguu nyuma ya bodaboda kama mwizi wa kuku. Anaingia kwa wakwe akitembea. Nikashika kamba zao alfajiri, nikaanza safari peke yangu.

Adhuhuri ilinikuta mtoni, pale penye ukuta wa saruji tuliojenga kwa mwethya, kazi ya pamoja ya kijiji, ili mchanga ujae na maji yajifiche chini yake. Kiangazi kilikuwa kikali, mto mzima ni mchanga mweupe. Nikachimba kidogo kwa mikono, maji yakatoka, mbuzi wawili wakanywa. Yule mwekundu hakunywa. Alisimama akisaga meno, kisha miguu ya mbele ikakunjika, akalala ubavu. Tumbo lake upande wa kushoto lilikuwa limevimba, gumu kama ngoma. Nikamwinua, akaanguka. Nikamwinua tena. Macho yakaanza kugeuka.

Unajua nilichofikiria? Sikumfikiria mbuzi. Nilimfikiria Mueni akiwa ameshika kiuno. Mbuzi wa ntheo akifa njiani, hakuna wa kumbadilisha. Wazee wanasema njia yenyewe imekataa, na mambo yanaishia hapo. Nilipiga magoti mchangani, nikashika kichwa cha mnyama, nikaanza Salamu Maria kwa sauti, mzee mzima, machozi yananitoka.

Ndipo nikamwona yule mwanamke.

Alikuwa kwenye vichaka vya miiba kando ya mto. Unavijua vichaka vyetu wakati wa kiangazi, havina jani hata moja, vimejaa majuala tu, meusi, meupe, ya kijani, yanapigwa na upepo. Alikuwa anayaokota. Alilitoa kila juala kwenye mwiba polepole, bila kulirarua, kama mtu anayechuma mbaazi, na kulitia kwenye kiondo. Alikuwa amejitanda leso kichwani. Nikajisemea, maskini, huyu hana akili timamu, nani anaokota takataka jua hili?

"Habari, mama," nikamsalimu, maana adabu ni adabu.

Hakugeuka. Aliitika akiwa amenipa mgongo. "Nzuri, baba Kioko."

Asi! Sikumjua. Lakini soko zima linanijua, nikajituliza.

"Hiyo mbuzi nyekundu iko na kitu," akasema.

"Imechoka tu, mama. Ni jua."

"Si jua. Uliichagua na tumbo. Ukadhani ni mafuta."

Nilikuwa na jibu la hasira mdomoni, lakini halikutoka, kwa sababu alianza kuja. Alikuja kinyumenyume. Niamini. Alitembea na mgongo mbele, juu ya mawe na mizizi, bila kujikwaa, bila kuangalia, mpaka akafika kwa mbuzi wangu. Akapiga magoti katikati yetu na kuivuta leso kwa upande wangu, nisiuone uso wake. Na hapo hapo, katikati ya hofu, jambo lingine lilinishangaza. Ile namna ya kuficha uso niliijua. Hiyo ni nthoni, haya ya wakwe. Zamani zile mama wa msichana alikuwa hamtazami baba wa mvulana usoni, wala hampi mkono, kwa heshima. Lakini huyu alikuwa mtu baki tu niliyekutana naye mtoni. Haya ya wakwe ilitoka wapi?

Akaupitisha mkono wake ubavuni mwa mbuzi, polepole, kutoka nyuma kwenda mbele, akinong'ona. Mbuzi akafungua mdomo. Akaingiza vidole viwili tu, akashika kitu, akavuta.

Lilitoka juala jeusi. Nyuma yake lilikuwa limesokotana na jingine, na nyuma ya hilo jingine, yote yamejifunga kuwa kamba moja, yanateleza, yananuka. Alivuta kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani, mkono baada ya mkono, bila haraka. Na ilikuwa haiishi! Ilirundikana mchangani ikawa rundo la kufika gotini. Mimi nimechinja mbuzi maisha yangu yote, naijua mbuzi ndani na nje. Hakuna tumbo la kubeba vile vitu vyote, na hakuna koo la kuvipitisha. Lakini vilitoka, na mbuzi alitulia kama mtoto anayekatwa kucha.

La mwisho lilikuwa tofauti. Lilikuwa juala la mistari ya buluu na nyeupe, la aina ile ya zamani ambayo siku hizi huioni tena. Lilitoka zima, rangi zake zikiwaka, kama limetoka dukani asubuhi ile. Aliliinua juu, jua likapita katikati yake. Sijui nikuelezeje, lakini kile kijuala kilikuwa kinatisha kuliko yeye.

"Mtu huoza, baba Kioko," akasema. "Hii kitu haiozi."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema mvua imekataa kunyesha. Akalikunja, akalitia kifuani.

Mbuzi akacheua mara moja, akasimama, akajipukuta, akaenda moja kwa moja kunywa maji.

"Nenda sasa," yule mwanamke akaniambia. "Usichelewe. Mtoto anangoja."

"Mtoto gani, mama?"

"Mtoto wetu."

Niliinama kufunga kamba shingoni mwa mbuzi. Nilipoinua kichwa hakukuwa na mtu. Mto ni mpana, mweupe, hauna pa kujificha hata kanga. Nikaangalia vichaka. Ng'ambo ile majuala yalikuwa yanapepea kama kawaida. Upande aliokuwa yeye, mpaka macho yangu yalipokomea, miiba ilikuwa mitupu, misafi, haina hata kipande kimoja. Na lile rundo lililotoka tumboni lilikuwa palepale miguuni pangu, bado likivuja maji. Kwa hivyo usiniambie ni jua lilinipiga.

Nilifika kwa wakwe nikiwa nimekauka mdomo. Mzee, babu yake Mueni, hakunisalimu kwanza. Alihesabu mbuzi, akamshika kila mmoja pembe, akapumua. Ya mtoni sikuyataja. Ningesema nini mbele ya wazee wa jumuiya?

Mbuzi mwekundu akachinjwa. Wanawake wakachukua matumbo kwenda kuosha nyuma ya jiko, na mwenye kisu alikuwa susu wa Mueni, yaani nyanya yake. Baada ya muda susu akaniita kwa sauti ya ajabu.

"Huyu mbuzi alilishiwa wapi?"

Alikuwa ameupasua mfuko wa tumbo na kuufungua kwenye sinia. Hapa kwetu hakuna mbuzi utakayempasua ukose nailoni, hata kipande cha ukubwa wa kidole. Huu ulikuwa safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Lakini kuta zake zilikuwa zimejaa makovu na mikunjo. "Kitu kilikaa hapa," susu akasema, "na kimetolewa. Nani alikitoa?"

Ningemdanganyaje mama mzee kama huyo? Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kupepesa. Nilipofika kwenye juala la mistari ya buluu, kisu kikamponyoka.

"Alisimamaje akiongea na wewe?"

"Alinipa mgongo, mama. Hakunionyesha uso hata mara moja."

Susu akakaa chini, palepale kwenye maji ya matumbo, akalia. Akaniambia alikuwa na binti, Wayua. Alipochumbiwa, wakwe walileta ntheo, lakini mbuzi wa kuchinjwa akaanguka akafa pale pale mtoni. Walipompasua wakakuta juala la mistari ya buluu na nyeupe limeziba tumbo. Wakalitupa mchangani. Wale wakwe wakasema njia imekataa, wakarudi kwao, hawakuleta mbuzi mwingine. Wayua alikuwa na mimba. Alifariki akijifungua, na watu wa mwanamume hata kaburini hawakuja. Akazikwa hapo kwa baba yake, karibu na ua la katani, bila jina la mtu yeyote.

"Na huyo mtoto aliyejifungua?" nikauliza, ingawa nilishajua.

Susu akageuza uso kuelekea mlangoni. Mueni alikuwa amesimama hapo, mkono kiunoni, amesikia yote.

Kuna kipande cha nyama ya ntheo ambacho ni cha mama wa msichana. Siku hiyo susu alipopewa alikataa. Akasema, "Hiki si changu." Watu wakaangaliana. Basi nikainuka mimi, nikakipokea juu ya jani la mgomba, nikaelekea kwenye ua la katani, wote wakinifuata nyuma. Karibu na kaburi nilisimama. Kisha nikageuka, nikampa mgongo kama alivyonipa, nikaenda kinyumenyume hatua zilizobaki. Nilijikwaa, mimi si kama yeye. Nikainama na kukiweka kile kipande nyuma yangu bila kuangalia.

Nikasema, "Mama Mueni, muthoni, mkwe wangu, ntheo imefika. Mbuzi alikuwa hai."

Hata yule katekista wetu, ambaye hachoki kutukemea kuhusu aimu, alivua kofia.

Mueni alijifungua salama, mtoto wa kike. Kwa desturi yetu jina lilikuwa la mke wangu, na mke wangu ni mtu wa kudai haki zake, nakuambia. Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpeni la yule." Kwa hivyo niko na mjukuu anaitwa Wayua, ana meno mawili na kelele nyingi.

Mimi siku hizi nikitembea nina gunia begani. Nikiona juala kwenye mwiba nalitoa, bila kulirarua. Sokoni wananiita mzee wa takataka, na wengine wameanza kunisaidia huku wakinicheka. Serikali ilishayapiga marufuku, sawa, lakini yale tuliyotupa kabla ya marufuku yako wapi? Yako mchangani, yanangoja mbuzi. Yanapenda harusi kuliko sisi.

Kwa hivyo wewe, ukifika mtoni kwetu mchana wa kiangazi ukamkuta mwanamke amekupa mgongo, anachuma majuala kwenye miiba, usimwite kichaa. Msalimu, umpishe. Na usiondoke mikono mitupu, okota hata moja. Lile la mistari ya buluu aliondoka nalo yeye. Yaliyobaki yote ni yetu.