Kamba ya Kupimia Jiko

Nikiulizwa ni kazi gani iliyonichosha zaidi maishani mwangu, sitataja kuzaa wala kulea. Nitataja jiko. Tena si kupika ndani yake, bali kulibuni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, tukikaa mtaa wa Usagara, na mume wangu alikuwa na mashamba ya minazi upande wa Pongwe. Siku moja alialikwa chai na Mzungu, meneja wa shamba la mkonge, akarudi roho juu. Alikuwa ameonyeshwa jiko ambamo mpishi anapika amesimama, makabati kulia na makabati kushoto, kila upande sawasawa na mwenzake. Ukoo wake, Waarabu waliotoka Omani, haukuwa na desturi ya kukubali kupitwa.

"Nitakujengea jiko kubwa kuliko lile," akaniambia. "Wewe sema unavyotaka, fundi atafanya."

Jamani, nilifurahi. Miaka kumi na moja nilikuwa nimepika nimekaa kwenye kigoda, moshi ukinila macho. Nikachukua kaa nikachora sakafuni. Seredani ya makaa chini ya dirisha, moshi upate pa kutokea. Kabati refu la mvule la kuwekea mchele na unga, milango yake ya wavu. Droo ya viungo yenye vijumba tisa, hiliki isilale na bizari. Pembeni, nafasi ya mbuzi ya kukunia nazi. Mume wangu alisimama juu ya mchoro akaridhika, ila kila nilichokiweka kulia alitaka nikiweke na kushoto.

"Mikono yangu ni miwili tu," nikamtania. "Droo mbili za viungo za nini?"

"Ndio uzuri wake. Pande zilingane."

Basi nikafuta nikachora, nikafuta nikachora, wiki baada ya wiki, mpaka magoti yakaota sugu.

Fundi seremala alikuwa Mbondei wa makamo, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Hakuwahi kuniona uso. Katika nyumba ile mwanamume asiye ndugu alikaa barazani, mimi nyuma ya pazia, na maneno yetu aliyabeba shangazi yake mume wangu. Hata vipimo vilipita hivyo hivyo. Fundi alitaka meza ya kupikia iwe chini kidogo ya kiwiko cha mpishi, ili mgongo usiumie. Akaleta kamba ya katani. Shangazi akaikanyaga ncha moja sakafuni, akaivuta mpaka kwenye kiwiko changu, akapiga fundo, na kamba ikarudi barazani.

Siku fundi alipotaka kukata mbao, alirudi kuhakikisha. Shangazi alikuwa kwenye sala, kwa hiyo akaipitisha kamba mwenyewe chini ya pazia. Nikaikanyaga, nikaivuta. Fundo likapanda vidole vinne juu ya kiwiko changu.

"Hii si yangu," nikamwambia.

Nikamsikia akipekua mfuko wake. "Samahani, bibi. Nimezichanganya. Hiyo ni ya upande wa kushoto."

Hakuhitaji kuongeza neno. Nilikumbuka safari za Mombasa, jinsi bwana alivyokuwa akipita Horohoro kila mwezi kutafuta bawaba na marumaru, na jinsi shangazi alivyofuatana naye safari ya mwisho. Shangazi alipomaliza sala akanikuta na ile kamba mkononi. Hakujaribu kukana.

"Mwanangu," akasema kwa kunong'ona, "dini inamtaka awatendee sawa. Wanaume wangapi wangejenga pande mbili?"

Nikakaa chini. Kumbe mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nilikuwa nimemchorea mke mwenzangu mahali pake, mpaka kijumba cha hiliki yake! Nililia, na machozi yale yalikuwa ya hasira. Mtu niliyempikia miaka kumi na moja alishindwa kunitazama usoni akaniambia.

Nikalifungua lile fundo. Nikasimama, nikapiga jingine usawa wa kiwiko changu, nikaipitisha kamba chini ya pazia. Katani ikishakunjwa hubaki na alama, na fundi lazima aliiona.

"Bibi," akauliza polepole, "ndicho kipimo?"

"Pande zilingane," nikamjibu.

Jiko likaisha, watu wakaja kulitazama na kulisifu. Mke mwenzangu naye akaja, mrefu, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nilitamani awe mjeuri ili nipate kumchukia kwa raha, lakini kila asubuhi aliniamkia shikamoo, akaenda upande wake, akainama. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshika kiuno. Bwana akamwita fundi akamfokea uani mbele ya watu, mimi nikisikia. Fundi akasema kosa ni lake, yuko tayari kuiinua meza ya kushoto. Bwana akakataa: ikiinuliwa moja, pande hazitalingana tena. Hakumpa kazi nyingine.

Tukapika hivyo miaka, mimi nimenyooka, yeye amepinda. Nilichoka kumtazama. Nilichoka zaidi na mdomo wangu, ambao kila siku nilikusudia kuufungua na kila siku ulibaki umefumba.

Alasiri moja alilala kifudifudi kwenye mkeka, nami nikimkanda mgongo kwa mafuta ya nazi, kama nilivyokwisha kuzoea.

"Dada," akasema, "shangazi alinipima vizuri, mara mbili. Sijui yule fundi alikosea wapi."

Nikaivuta chupa ya mafuta.

"Mafundi ndivyo walivyo," nikamwambia, nikaongeza mafuta, nikaendelea kukanda.