Jina Liliondoka, Filimbi Ikabaki

Nilipokuwa mtoto kule Kalamba, mwishoni mwa miaka ya sabini, waliniondolea jina. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa Nduku, jina la susu, mama wa baba, maana kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake, na watu husema amemrudisha, hata kama nyanya mwenyewe bado yuko na anachunga mbuzi. Na susu alikuwa na pumu. Msimu wa kupiga mbaazi kwa fimbo zitoke magandani, vumbi likipanda, kifua chake kilipiga filimbi. Changu kikamjibu.

Shangazi ndiye aliyetoa hukumu. "Huyu amebeba jina pamoja na ugonjwa wake. Muiteni Mwende."

 Baba akachinja mbuzi wa kunibadilishia jina. Susu, kwenye kigoda chake, akamtazama shangazi, binti yake wa kuzaa.

"Kwa hivyo ni mimi namnyonga?"

"Mama, si wewe. Ni jina."

"Na hilo jina ni la nani?"

Shangazi akaendelea kugawa nyama.

Nilivishwa ushanga mpya, nikaonywa nisiitike nikiitwa Nduku, ugonjwa usije ukarudi. Susu aliniita Nduku siku nzima. Nikajifanya sisikii, nikingoja kupona.

Wiki iliyofuata tukapiga mbaazi, na filimbi ikaanza tena kifuani mwangu. Nilichanganyikiwa kabisa. Kama Nduku ameondoka, huyu anayepumua ndani yangu ni nani? Au niliitika usingizini? Susu alinikuta nyuma ya ghala, akanishika mabega. "Inama mbele. Pole pole, kama mimi." Hakutaja jina lolote.

Juzi chuoni, ninakosoma ukubwani, mhadhiri alitueleza kwamba pumu hufuata damu ya ukoo, ila si lazima impate kila mtoto. Mimi hubishana na kila mtu, lakini siku hiyo nilikosa upande wa kusimama. Shangazi alisema ilitoka kwa susu, na ni kweli ilitoka kwake. Lakini mtoto wa shangazi mwenyewe, aliyepewa jina la upande wa baba yake, naye alianza kupiga filimbi akiwa darasa la tatu. Yeye waliomba tu apone. Mbona jina lake halikuguswa? 

Susu alikufa akiniita Mwende, kwa adabu, kama anavyoitwa mgeni. Wao waliliondoa jina, sawa. Lakini aliyekataa kumwitikia ni mimi.