Vumbi la Lori la Baba

Mjukuu wangu ameliosha lori. Kalisugua kwa sabuni na mswaki wa zamani, kalisuuza, kalianika juani mbele ya mlango, halafu akaningoja nirudi. Mimi nilikuwa nimepeleka kitanda kwa mafundi wa hapa Kizota kikachomelewe mguu. Nilipofika nikaona lori linang'aa kama lililotoka dukani, na dukani halijawahi kuingia tangu lizaliwe. Nikakaa kwenye ngazi. Nikasema asante. Utamwambia nini mtoto aliyekutumikia asubuhi nzima?

Basi kaa, mwenzangu, nikueleze ni nini kilichooshwa siku ile.

Lori lenyewe ni la mbao, urefu wake dhiraa moja. Alilitengeneza mjomba, kaka yake mama, enzi za Mwingereza, tulipokuwa tunaishi Haneti. Ni mfano wa lori alilokuwa akiendesha baba, lori la tajiri mmoja wa Kihindi mwenye duka Dodoma mjini. Kila kiangazi, karanga zikishavunwa, baba alikuja nalo hadi kwetu, akapakia magunia na ngozi, akalala nyumbani, kesho yake akarudi mjini kwenye stesheni ya reli. Masika hakuja, maana njia ilikuwa tope tupu. Kwa hiyo mimi baba yangu nilimjua wakati wa kiangazi tu, na alinukia petroli na karanga mbichi. Hadi leo nikimenya karanga mbichi huwa nazinusa kwanza, watu wa nyumbani wameshanizoea.

Nilikuwa na miaka saba homa ilipomchukua, siku tatu tu, huko huko mjini. Tajiri akaliuza lori likapelekwa mbali, hatukulitia machoni tena. Mjomba, aliyekuwa Nairobi miaka mingi akipaka rangi magari kwenye karakana, akaacha kazi akaja kukaa nasi. Alishuka na sanduku moja la nguo na masanduku mawili ya makopo ya rangi, misasa na brashi. Mama akamuuliza kama Haneti kuna magari ya kupaka. Mjomba akajibu kwamba kuna dada yake.

Mwanzoni, kila nikisikia injini mbali, nilikimbia hadi njiani. Mjomba aliniona nikirudi kichwa chini. Baadaye nikaacha kukimbia. Hilo ndilo lililomtisha. Jioni moja, tunakula ugali wa uwele na mlenda, akaniuliza baba alikuwa anachekaje. Nikafungua mdomo nimwigize, nikakuta sina kitu. Mama akainuka akaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa na chochote ndani. Asubuhi yake mjomba akaanza kubomoa sanduku la chai.

Nimeona mafundi wengi tangu hapo, nami ni mwanamke mgumu kusifu, waulize wanangu. Wa mfano wa mjomba sijamwona. Alipanda lori la watu hadi mjini, akatafuta lori la aina ile ile, akalipima kwa kamba kuanzia boneti hadi nyuma huku mwenye lori akidhani ni mwizi. Aliporudi akanieleza hesabu yake: kila futi moja ya lori la kweli ni nusu njiti ya kiberiti kwenye letu. Mimi ndiye nilikuwa nashika njiti. Nikikosea hata unywele, ananiambia dereva wetu atagonga kichwa.

Bodi ilikuwa ya mbao za sanduku la chai, na lile karatasi la kung'aa linalokuwa ndani ya sanduku likawa bampa na vioo vya pembeni. Tairi alizichonga kwenye katambuga zake mwenyewe, vile viatu vya mpira wa gari, akashinda peku wiki mbili. Vioo vya mbele vilikuwa vya ulanga, lile jiwe linalobanduka karatasi karatasi. Taa zilikuwa vifungo vya shati lake la kanisani, basi Jumapili akawa anaimba kifua kimefungwa kwa pini. Namba ya gari, ambayo mama aliikumbuka, aliiandika kwa ncha ya unyoya wa kanga, huku amebana pumzi. Nami nilibana. Hata kuku walifukuzwa uani siku ile wasije wakatimua vumbi, na ukijua yaliyofuata utaelewa kwa nini hilo linanichekesha.

Ikabaki rangi ya bodi. Kila tajiri alipaka malori yake apendavyo, kwa hiyo la mjini halikumsaidia. Akatuuliza. Mimi na mama tulijibu kwa pamoja: lilikuwa rangi ya ng'ombe wetu mwekundu, yule mwenye pembe moja. Kwetu rangi inatajwa kwa ng'ombe, na mwenye ng'ombe hakosei. Mjomba akachanganya, akapaka vibao, akaenda navyo zizini, akawa anaviweka kimoja kimoja ubavuni mwa ng'ombe, anarudi nyuma, anafumba jicho moja. Majirani walikuja kutazama. Walisema fundi wa Nairobi amekosa magari, sasa anataka kupaka ng'ombe. Ng'ombe akalamba kibao cha nne. Cha sita kikapatana, huwezi kusema kipi ni ubao na kipi ni ubavu.

Lori lilipokauka, mjomba aliliweka juu ya kigoda mbele ya tembe letu. Mama alilizunguka mara mbili, kisha akapiga magoti akachungulia dirishani. Nadhani alikuwa anamtafuta dereva. Mimi nililala nalo, nikaamka nalo, na kicheko cha baba kikaanza kurudi kidogo kidogo, au niliamini hivyo.

Msimu wa karanga ulipofika, tajiri mwenyewe alikuja Haneti na lori jipya. Alituletea sukari na kaniki, akampa mama pole upya, kwa heshima, kofia mkononi. Halafu akaliona lori juu ya kigoda. Mtu mzima yule alichuchumaa kwenye udongo na suruali yake nyeupe. Akagusa taa, akagusa madigadi ya kushoto iliyokuwa na kibonye, maana mjomba hata kibonye alikiuliza kwa mama akakichonga. Akasema lori lake hili hapa, hata honi iko mahali pake. Macho yalimjaa machozi. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayeomba radhi:

"Ila rangi, fundi. Lori langu lilikuwa rangi ya majani."

Nikasema hapana. Mtoto wa siku zile hakumkatalia mtu mzima, lakini nilikataa, nikasema lilikuwa jekundu, mwulize mama. Mama akasema lilikuwa jekundu. Tajiri akatikisa kichwa, akasema kopo la rangi ile bado analo dukani, alilinunua mwenyewe. Hakuwa na sababu ya kudanganya. Hapo nikaingiwa na hofu ambayo sijaisahau. Ikiwa nimekosea rangi ya lori lililonipita mbele ya macho kila kiangazi, basi baba niliyekuwa naye kichwani alikuwa nani? Hata kicheko kile huenda nilikuwa nimejitungia tu. Nikakimbilia zizini nikalia nimemshika ng'ombe shingo.

Mjomba alinifuata. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alichuchumaa karibu akaniuliza, kama fundi anavyomuuliza fundi, baba akiendesha mkono wake wa kulia ulikuwa wapi.

Nikasema ulikuwa nje ya dirisha, umelala juu ya mlango.

"Na akishauondoa, pale mlangoni palikuwaje?"

Nikafumba macho. Nikaliona lori limesimama, baba anashuka, ananinyanyua, shati lake mkono mmoja mwekundu kwa vumbi. Na juu ya mlango, pale mkono ulipokuwa, pamefutika, upana wa mkono wa mtu.

"Palikuwa kama majani," nikasema.

Mjomba akapumua. Akanishika mkono tukarudi, akamuuliza tajiri mbele yangu kama dereva wake aliwahi kumletea lori chafu. Tajiri akasema hata siku moja. Yeye hakutaka kuona gari chafu mbele ya duka lake, kwa hiyo baba aliliosha kwanza pale stesheni ndipo akalipeleka. Na sisi huku, toka Dodoma hadi Haneti, na vumbi jekundu la kiangazi kile cha kwetu, tungelionaje safi? Tajiri alikuwa na lori la majani, sisi tulikuwa na lori jekundu, na baba alikuwa katikati na ndoo ya maji. Mama alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akacheka mpaka akafuta macho kwa upande wa kaniki mpya.

Lile kopo lilikuja na lori lililofuata. Mjomba akakwangua wekundu wote wa ng'ombe, akapaka rangi ya majani, ikang'aa kama tajiri alivyopenda. Kisha tukaenda sote wawili njiani, tukazoa vumbi kwenye alama za tairi, tukalichekecha kwa kitambaa. Alipaka gundi nyepesi, akapuliza vumbi kutoka kiganjani, zito kwenye madigadi, jepesi kwenye boneti. Kwenye kioo aliacha nusu duara ya waipa. Akiwa amebakiza mlango, akanipa brashi na kuniambia nimwonyeshe. Mimi ndiye niliyepafuta mahali pa mkono wa baba, si kwa brashi bali kwa kidole changu, gundi ikiwa bado mbichi, ndipo mjomba akapuliza vumbi.

Sasa unajua kilichooshwa.

Mjomba amelala Haneti, karibu na mama. Duka la tajiri ni jengo jingine kabisa, na jamaa zake walihama zamani. Malori siku hizi yanapita kwenye lami, yanafika yakiwa safi kama yalivyoondoka, na sibezi, nilikula vumbi lile vya kutosha. Ila lori lote likiwa rangi ya majani, mahali pale pa mkono hapaonekani. Hapakuwa pamechorwa. Palikuwa pameachwa tu, na vumbi ndilo lililopaonyesha.

Nilikaa siku mbili na neno hilo. Siku ya tatu nikamweleza mjukuu, yote, hadi ng'ombe aliyelamba kibao. Jumamosi akanipandisha gari, tukashika njia ya Haneti, tukashuka penye barabara ya zamani iliyoachwa pembeni, akajaza vumbi kwenye kopo la maziwa. Nyumbani akalichekecha kwa upande wa khanga, akapaka gundi, nikamfundisha kupuliza. Alipofika kwenye mlango akasimama, akanitazama.

"Bibi, mkono ulikuwa wapi?"

Macho yangu hayaoni vizuri vitu vya karibu. Nikanyoosha kidole nikakiweka, na kikaenda pale penyewe. Akapuliza vumbi juu ya mlango wote, na juu ya kidole changu. Nilipokiondoa, palikuwa kama majani.