Bolti ya Kiti cha Tata

Fundi wa Nyanga alipofungua plastiki ya chini ya usukani wa gari langu, harufu ya grisi ya zamani ilinirudisha uani kwetu Kaagya, kwenye pikapu ya baba.

Asubuhi moja, nikiwa mtoto, tulikuwa tunakwenda Muleba kwenye harusi ya shangazi, na rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilishapakiwa nyuma. Lakini nguzo ya usukani ilikuwa inacheza, na mama, mdogo wangu akiwa mgongoni, alikataa kupanda. Baba akalala chali chini ya usukani. Mimi nikapiga magoti kitini, nikaushika.

"Bado unacheza?"

"Bado, Tata."

Alikaza bolti tatu. Ya nne haikuwepo. Akafungua bolti moja ya kiti chake mwenyewe, akaifunga pale kwenye usukani.

"Na sasa?"

Niliutikisa kwa nguvu zangu zote. Haukusogea. Mama akapanda.

Miaka yote iliyofuata, kwenye kila kona ya barabara ya Muleba, kiti cha baba kiliyumba na kulia. Sisi watoto tulimcheka, naye alicheka nasi, mikono yake imetulia kwenye usukani.